Gari Ni Zima, Paschal

Somanda,
Bariadi,
Mkoa wa Simiyu.
19 Juni, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Paschal,

Mwangaluka, mwana wa mama yangu. Nakusalimia hivyo kwa sababu naandika asubuhi. Ukisoma jioni, geuza salamu mwenyewe. Hujambo? Kifua kimepona, au baridi ya huko bado inakukamata ukitoka kazini? Unakula nini siku hizi? Mayu, kama mama yeyote, huniuliza mimi swali hilo kana kwamba nakuona, nami humjibu kwamba unakula wali, maana ndilo jambo pekee la huko ninaloweza kulisema bila kubahatisha.

Mimi ni mhola, mzima tu. Goti la kushoto linaniuma nikikaa sana kwenye cherehani, zaidi ya hapo sina ugonjwa. Shule zimefungwa na mtu anayetaka sare hayupo mpaka Julai. Pamba imeanza kununuliwa. Malori yanapita mbele ya duka mchana kutwa, na nyuzi nyeupe zimenasa kwenye miiba ya barabarani mpaka njia ya kwenda Maswa. Wanangu nao, Goodness yuko Mbozi na mume wake, Method yuko Dodoma na kazi yake. Wote wazima, wote wana shughuli nyingi.

Barua hii anakuletea Violeth, binti wa jirani yangu, ambaye amepata nafasi ya kusoma huko Japani. Anaondoka Jumamosi. Nimempa na michembe kidogo, vile viazi vyetu vya kukausha. Kama wataizuia uwanja wa ndege sitashangaa, lakini karatasi hawataizuia.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Nimejaribu kwa simu mara tatu tangu wiki iliyopita. Mara ya kwanza ulikuwa kwenye zamu. Mara ya pili nilisema gari limepona, nawe ukasema nisimtetee mwenzako Sayi, ukakata. Mara ya tatu ulipokea vizuri kabisa, ukaniuliza habari za goti, nami nikakueleza habari za goti kwa dakika sita, kisha nikaaga. Kwa hiyo nimeona nikae mezani niandike.

Naanza na lile unalotaka kulijua. Gari ni zima, Paschal. Betri ni nzima, injini ni nzima, na halijawahi kugoma kuwaka hata siku moja tangu lifike. Najua sivyo ulivyoambiwa na kaka yetu Nyanda, wala sivyo ulivyoambiwa na mimi kwa mdomo wangu. Nivumilie nikueleze kwa kufuata yalivyotokea, maana nikianzia mwisho utanikasirikia kabla hujajua nilikuwa katika hali gani.

Uliponitumia picha mwaka jana uliandika kwamba ni gari la familia, umbo jipya, wamelirefusha, wamelishusha chini kidogo, wamepanua nafasi ya nyuma ili watu wazima watatu wakae bila kubanana. Nilisoma ujumbe ule nikiwa jikoni, nimejipakulia. Nilijiuliza ni familia ipi, lakini nilikujibu asante. Na asante ile ilikuwa ya kweli. Tangu shemeji yako Bujiku afariki hakuna mtu aliyeniletea kitu kikubwa zaidi ya kanga.

Dereva alilileta Januari kutoka bandarini. Majirani walitoka wote. Mayala, yule mwalimu aliyenifundisha kuendesha, alilizunguka mara mbili akiwa kimya, akafungua boneti, akafunga, akapiga magoti akachungulia chini. Yeye aliwahi kumwendesha mnunuzi mmoja wa pamba katika gari kama hili la umbo la zamani, kwa hiyo analijua. Aliniambia lile la zamani ukifika mwendo wa mia lilikuwa linapepesuka na usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli, lakini hili limekaa barabarani. Baadaye alinipeleka kwenye lami ya Lamadi, akaniambia nikanyage mafuta. Nilikanyaga kwa hofu, nalo likaenda bila kulalamika, kama mtu aliyekuwa anasubiri aambiwe. Nilipotazama mshale nilikuwa nimepita mia na kumi, nikaondoa mguu.

Uliniomba nikueleze kila kitu, kwa hiyo naeleza. Kuliwasha ni kukanyaga breki na kubonyeza kitufe, halafu hakuna mlio. Taa ya kijani inawaka, basi. Wiki ya kwanza nilikuwa nabonyeza tena nikidhani halijawaka, kumbe nalizima. Likitembea polepole halisikiki kabisa. Mbuzi wa mtaani kwetu hawalisikii, inabidi niwapigie honi. Mafuta linakunywa kidogo mno. Nikijaza Jumatatu nasahau kituo cha mafuta mpaka mwezi unaisha, ingawa sehemu ya sababu ni kwamba sina pa kwenda.

Redio ya huko inashika stesheni mbili tu za huku, na moja inakoroma. Kioo cha kurudia nyuma ni kizuri sana. Ukiingiza gia ya nyuma picha inatokea mbele yako na mistari ya kijani na nyekundu, naona hata kuku. Viti ni vya kitambaa kizito, na vya nyuma kweli vina nafasi. Nimewahi kukaa huko nyuma mwenyewe, gari likiwa limesimama uani, nikanyoosha miguu yote miwili.

Kuna sauti ya mwanamke inayosema kwa Kijapani kila ninapowasha. Inasema maneno machache, kwa adabu. Mayala alisema anaweza kumtafuta mtu wa kuizima, nikakataa. Siku nyingi ndiyo sauti ya kwanza kunisemesha asubuhi. Usiniambie inasema nini.

Saa ya gari nayo ilikuja na majira ya huko, na hiyo pia nimeiacha. Ninyi mko mbele yetu saa sita, kwa hiyo kwetu ikiwa saa mbili asubuhi, kioo kinaandika mbili kamili, kwa kuwa kwenu imeshakuwa saa nane mchana, nayo Wajapani huiandika mbili. Gari zima la Kijapani, lakini saa yake inasoma Kiswahili. Mayala alicheka sana. Mimi huwa naitazama najua kwamba wewe umerudi kazini baada ya chakula.

Sasa nije kwa Mayu.

Unakumbuka Nyanda alivyokuwa anasema macho yake yanafifia kidogo. Hayakuwa yanafifia kidogo. Mtoto wa jicho alikuwa ameziba yote mawili, anatembea kwa kushika ukuta. Mwisho wa Machi nilisikia kwamba madaktari wa macho wanakuja Bariadi na watafanya upasuaji. Nilimpigia Nyanda nikamwambia namfuata Mayu mwenyewe, na gari langu. Akauliza kama nimeshawahi kuendesha nje ya lami. Nikasema bado.

Kabla ya kwenda nilimpelekea gari fundi Jilala alinyanyue kwa spesa, vile vipande vya kuinulia springi, maana umbo jipya hilo walilolishusha halikufikiria barabara za Meatu. Hata hivyo, nilipoacha lami na kupita Lalago niligusa chini mara tatu. Mvua zilikuwa bado zinanyesha, na ule udongo mweusi ulikuwa unanishika tairi. Sikukwama. Tairi za mbele zikiteleza gari linazizuia lenyewe, linatafuta pa kushika, linatoka. Nilifika Mwanhuzi, nyumbani kwa Mayu, nikazima gari, nikashuka.

Mayu alitoka ndani akiwa ameshika ukuta. Hakunisalimia kwanza, alinyoosha mkono akauliza gari liko wapi. Nikamshika mkono nikauweka kwenye boneti. Alilipapasa lote, Paschal, kuanzia taa mpaka buti, polepole, kama anavyompapasa ng'ombe mwenye mimba. Akauliza rangi. Nyanda akamwambia ni kama yule ndama wa kijivu aliyekufa mwaka wa ukame, akaelewa mara moja. Akauliza nani kalichagua. Nikamwambia umelichagua wewe na rafiki yako Sayi, yule wa Ipililo unayeishi naye huko, na kwamba Sayi ndiye aliyelala chini ya gari nusu siku akilikagua bolti kwa bolti. Mayu akasema wabeja, akilishukuru gari lenyewe.

Nilimkalisha mbele. Karibu na Lalago ng'ombe waliruka barabarani kutoka kichakani upande wake. Mimi nilikuwa natazama shimo, sikuwaona. Gari lilipiga kengele na kufunga breki lenyewe, tukasimama nao wakiwa hatua mbili mbele ya boneti. Nilimwambia Mayu ukweli, kwamba sikuwaona mimi, gari ndilo limewaona. Akasema basi lina macho kutuzidi sote wawili. Tulipoingia kwenye lami akaniuliza mbona tumesimama. Tulikuwa kwenye mwendo wa themanini.

Upasuaji ulikwenda salama, jicho moja kwanza, la pili baada ya siku kumi. Nesi alipoondoa bandeji ya kwanza mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kitanda. Mayu alinitazama kwa muda mrefu, akasema, "Minza, umekonda. Nani alikuwa ananiambia umenenepa?"

Niliyekuwa namwambia hivyo ni mimi, kila Jumapili kwa simu.

Paschal, nataka ujue wiki zile zilikuwaje. Nilikuwa narudi kutoka dukani nakuta moshi jikoni. Nilikuwa nakuta mtu ameinjika ugali wa mtama na nsansa, ile mboga ya majani makavu ya kunde, na mtu huyo ananigombeza kwamba nimechelewa. Alikuwa anaamka kabla yangu anafagia uwanja wote, mistari imenyooka, kwa furaha tu ya kuiona. Jioni nilikuwa namzungusha na gari, mpaka uwanja wa mpira, mpaka karibu na ginari, kiwanda cha kuchambulia pamba, kutazama malori, na yeye anasoma vibao kwa sauti, kwa shida, kama mtoto wa darasa la pili. Viti viwili vya mbele vilikuwa na watu. Nilisahau kabisa kulisikiliza goti.

Katikati ya Mei daktari alimpima akasema macho yote yamepona na anaweza kurudi kwake. Alisema hayo kwangu, Mayu akiwa nje kwenye benchi. Nilitoka nikamwambia Mayu daktari amesema tusubiri wiki moja.

Wiki ile ilipoisha alifunga nguo zake kwenye kitenge, akakaa nazo mlangoni. Nyanda alikuwa amempigia kwamba ng'ombe wake mmoja anakaribia kuzaa. Nilitoka nje, nikaingia ndani ya gari, nikakaa bila kugusa kitufe. Kisha nikarudi nikamwambia gari limegoma kuwaka.

Nilidhani ni uongo wa siku moja. Kesho yake aliniuliza, nikasema fundi amelitazama, ni betri kubwa, ile inayosaidiana na injini. Keshokutwa nikasema kifaa kinasubiriwa kutoka Dar. Alitaka kupanda basi, nikamwambia vumbi litamwingia machoni na daktari amekataza. Daktari hakukataza kitu. Mayu alifungua kitenge chake akarudisha nguo kwenye kamba, moja moja, bila kusema, nami nilikuwa nimesimama pale najisikia vibaya na wakati huohuo nahesabu siku nilizopata.

Nyanda akakupigia wewe. Wewe ukanipigia mimi usiku uleule, na Mayu alikuwa amekaa ubavuni kwangu, simu iko kwenye spika kwa kuwa alitaka kukusikia. Uliuliza ni betri kweli? Nikasema ni betri. Uliuliza taa gani iliwaka, nikataja taa nyekundu yoyote iliyonijia kichwani. Nilisikia sauti yako ikibadilika. Ulisema Sayi alikuapia kwamba ameipima. Ungekuwa karibu ungeniona nilivyokuwa nautazama mkeka. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale, sikusema.

Wiki tatu, Paschal. Nilikwenda dukani kwa miguu wiki tatu ili uongo usimame.

Mayala aliwahi kuniambia gari la namna hii likikaa sana bila kuwashwa betri yake ndogo inakufa. Siku ya Pentekoste Mama Violeth alimchukua Mayu kwenda Misa, mimi nikasema kichwa kinaniuma. Walipokwisha kwenda nilitoa gari, nikaenda nalo mpaka nje ya mji, nikageuza, nikarudi, nikaliegesha palepale lilipokuwa. Nikalifuta vumbi kwa kitambaa. Sikufikiria ardhi.

Mayu alirudi kanisani, akasimama kwenye lango la uwanja. Alikuwa ameufagia asubuhi ile kabla ya kwenda. Mimi nilikuwa dirishani, nikamwona anainama. Yule ni mtu ambaye maisha yake yote ametafuta ng'ombe waliopotea kwa kutazama nyayo zao. Alizifuata alama za tairi mpaka kwenye gari, akazifuata tena mpaka langoni, akaja ndani, akakaa kwenye kiti chake.

"Limetoka, likarudi," alisema.

Nilikaa chini kwenye mkeka karibu na miguu yake. Akaniuliza kwa nini sikumwambia kwamba nataka akae.

Nikamuuliza, "Ungekaa?"

"Hapana," akasema. "Lakini ningejua kwamba mwanangu yuko peke yake. Mimi nilidhani una gari, una duka, una watoto mjini. Nilikuwa nakuombea afya tu."

Nililia ambavyo sikulia hata siku ya msiba wa Bujiku. Siku ile kulikuwa na watu wa kuwapikia. Mayu aliniacha nilie. Halafu akaniambia kwamba kule Mwanhuzi ana ng'ombe wanaoijua sauti yake, ana shamba, na kaburi la Baba liko nyuma ya nyumba, na kwamba hapa kwangu anakaa vizuri lakini anakaa kama mgeni. Hakusema kwa ukali. Akaingia kupika.

Jumatano nilimrudisha. Njia ilikuwa imekauka, hatukugusa chini hata mara moja. Alikaa mbele, dirisha wazi, akinitajia kila kitu alichokuwa hajakiona mwaka mzima: mbuyu ulioanguka, nyumba mpya ya bati, mto uliokauka mapema. Ng'ombe wake alikuwa ameshazaa. Alishuka hata sijazima gari, akaenda moja kwa moja zizini.

Hapo ndipo Nyanda aliponivuta pembeni akaniambia habari za Sayi. Sikuwa nazijua. Aliniambia mmegombana kwa sababu ya betri, kwamba ulimwita mwongo mbele ya wenzenu kazini, kwamba alihama chumba chenu tangu mwisho wa Mei, na kwamba sasa mnapita kando kando kama watu wasiojuana. Nyanda alinisimulia kwa masikitiko tu, akidhani gari liliharibika kweli likatengenezwa. Nilimwambia ukweli palepale, na wake zake wakasikia, na sikujali; nikamwomba aniachie mimi nikueleze.

Wewe ndiye uliyeniambia, mwaka wa kwanza ulipofika, kwamba katika mji mzima kuna mtu mmoja tu unayeweza kumsalimia kwa Kisukuma asubuhi. Nimekuondolea mtu huyo. Nilitaka mtu mmoja wa kukaa naye huku, nikamnyang'anya mtu wako huko, na wala sikumpata wangu. Nilirudi Bariadi peke yangu na gari lenye viti vitano. Lilitembea vizuri njia nzima.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Ipililo. Sikumwambia mtu. Niliuliza njia mpaka nikafika kwa wazazi wa Sayi. Baba yake hakuwepo, nilimkuta mama yake, Mama Veronica, anaanika mahindi. Niliposema mimi ni dada yake Paschal alifurahi, akaleta kiti, akaanza kusafisha kikombe. Nilimwomba aache kikombe kwanza. Nikapiga magoti nikamweleza yote, tangu siku ya daktari mpaka siku ya Pentekoste. Nilimwambia mwanawe alilikagua gari vizuri, kwamba halina kosa hata moja, na kwamba aliyesema uongo ni mimi.

Alinisikiliza huku ameshika gunzi mkononi. Nilidhani atanifukuza, na ningeona ni haki. Alichosema ni, "Kumbe ndiyo maana siku hizi akipiga simu hasemi amekula na nani."

Akaniinua. Akachukua simu yake, akampigia Sayi, akaiweka mkononi mwangu.

Huko kwenu ilikuwa jioni. Sayi alipokea akidhani ni mama yake, akasalimia kwa furaha, nikalazimika kumwambia kwamba siye. Nilirudia maneno yote. Kwa simu ile niliweza, sijui kwa nini; labda kwa sababu mama yake alikuwa ananitazama. Sayi hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza swali moja tu, kama ile breki ya kujifunga inafanya kazi, kwa sababu siku ya kulikagua ndicho kitu pekee alichokuwa na wasiwasi nacho. Nikamweleza habari za ng'ombe wa Lalago. Akasema, "Basi, dada."

Hakukutukana. Aliniuliza kama kifua chako kimepona, nikasema sijui. Akasema ufunguo wa chumba chenu bado anao, hajaurudisha, na kwamba amekuwa akijiuliza auache mchana ukiwa kazini au aulete jioni ukiwepo.

Nilimwambia aulete jioni.

Huenda barua hii ikukute ameshafika, au huenda bado anajishauri. Hajui anwani ya moyo wako sasa hivi, na mimi pia siijui. Lakini akigonga, mdogo wangu, mfungulie, na umweleze kosa lilitoka wapi. Kama una hasira, na unayo haki, zielekeze Bariadi. Usitafute betri. Usinitumie kitu chochote kwa sasa. Ukitaka kunipa kitu, nipigie siku ambayo huna la kuuliza.

Mayu anakusalimu, siku hizi anatambua sura yako kwenye simu ya Nyanda na anasema umeanza kuota mvi. Nyanda na nyumba yake wanakusalimu. Mama Violeth anakuomba umwonyeshe binti yake mahali pa kununua unga. Mama Veronica wa Ipililo naye amesema nikusalimu, na amesema nikuandikie hilo bila kuacha.

Mungu akukinge na baridi hiyo, na kila jioni akuletee mtu wa kukaa naye mezani.

Ni mimi dada yako ninayekupenda na niliyekukosea,

Minza